Kidole Kikiumia, Miguu Iende Shule

Majeraha mengi ya wapandaji miamba hayaletwi na kuanguka. Hutokea kidoleni, mpandaji akiwa bado ameshikilia. Mguu unateleza ghafla, uzito wa mwili unahamia wote kwenye vidole vilivyokunjwa juu ya kishikio chembamba, na kitu ndani ya kidole cha pete kinalia "ta!" Wakati mwingine hata mshika kamba aliye chini hukisikia. Baada ya hapo wapandaji hugawanyika. Wapo wanaofunga tepu na kuendelea kupanda siku hiyohiyo, na wapo wanaotundika viatu miezi sita bila kugusa mwamba. Wote wawili hujichelewesha.

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kupona bila kuacha kupanda. Namwandikia hasa mpandaji wa Nairobi anayefanya mazoezi kwenye ukuta wa ndani katikati ya wiki kisha Jumamosi akaelekea Lukenya au Hell's Gate, lakini mwenye kupanda majabali ya Mwanza au ukuta wa Ulaya atafaidika vilevile. Ninachoamini ni hiki: kidole hupona kwa kubebeshwa mzigo uliopimwa, na miezi ya kupona ndiyo nafasi bora kabisa ya kujifunza kupanda kwa miguu. Vidole vyenye nguvu huficha miguu mizembe. Vikiondolewa kazini kwa muda, uzembe unaonekana, na kinachoonekana kinarekebishika.

Kilichoumia ni nini

Ndani ya vidole hamna misuli ya kuvikunja. Misuli hiyo iko chini ya kiwiko, nayo huvuta kupitia kano ndefu zinazopita kwenye kifundo cha mkono na kiganja hadi vidoleni. Kano hizo zisingebanwa karibu na mfupa, zingenyanyuka kila unapokunja kidole. Ndiyo maana mwili umeweka vipete vya tishu ngumu vya kuzishikilia, sawa na vipete vya fimbo ya kuvulia samaki vinavyouweka mshipi karibu na fimbo hata inapopinda.

Madaktari huviita vipete vikuu vya kidole A1 hadi A5. Kinachoumia zaidi kwa wapandaji ni A2, kilicho kwenye kipande cha kwanza cha kidole, karibu na kiganja. Mara nyingi huwa ni cha kidole cha pete au cha kati.

Mchokozi mkuu ni namna ya kushika. Katika ule mkunjo mkali, kiungo cha kati cha kidole kimepinda karibu nyuzi 90, ncha imerudi nyuma, na gumba limefunga juu yake. Ni mshiko wenye nguvu kwenye ukingo mwembamba, lakini hapo kano inavuta kwa nguvu kuukimbia mfupa, na A2 ndicho kinachoizuia. Ukishika kwa vidole wazi, vilivyolegea na kunyooka zaidi, mzigo unaokifikia A2 hupungua mara nyingi. Shika jambo hilo, kwa sababu kupona kwako kote kutalitegemea.

Wataalamu hupanga jeraha hili katika ngazi nne. Ya kwanza ni kuvutika tu. Ya pili ni kipete kuchanika sehemu, au A4 kukatika. Ya tatu ni A2 kukatika chote. Ya nne ni vipete zaidi ya kimoja kukatika, au kimoja kukatika pamoja na tishu za jirani. Ngazi tatu za kwanza kwa kawaida hutibiwa bila upasuaji. Ya nne mara nyingi huhitaji daktari wa upasuaji wa mkono.

Siku za mwanzo

Ukisikia mlio, shuka. Siku hiyo imekwisha, hata kama kidole hakiumi sana, kwa kuwa maumivu ya dakika za kwanza hayaelezi ukubwa wa jeraha. Kama umevaa pete, ivue kabla uvimbe haujaifunga. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa itakusaidia kutuliza maumivu.

Usikubali kidole kikandwe kwa nguvu wala kivutwe "kirudi mahali pake." Hapa kwetu ushauri huo hutolewa kwa moyo mwema na watu wa karibu, lakini tishu iliyochanika haina mahali pa kurudishwa, na kuivuta ni kuichana upya. Usimeze pia dawa za kutuliza maumivu ili upande. Dawa inanyamazisha maumivu, na maumivu ndicho kipimo pekee ulicho nacho ukiwa ukutani.

Nenda hospitali mapema ukiona lolote kati ya haya: ulisikia mlio kisha kidole kikavimba, kidole hakina nguvu, ukikunja kidole dhidi ya kitu unaona kano inajitokeza chini ya ngozi, huwezi kuikunja ncha ya kidole peke yake, au kidole kina ganzi. Kutoweza kuikunja ncha ni jambo la haraka, kwani huenda kano yenyewe imeng'oka mfupani, na hilo halisubiri wiki.

Ukifika kwa daktari, jieleze kwa vitendo. Madaktari wengi wamezoea vidole vilivyobanwa na mlango au kupigwa na mpira, si vya wapandaji. Mwonyeshe kwa mkono mzima jinsi ulivyokuwa umeshika, na useme unahofia kipete cha A2. Eksirei itaonyesha kama mfupa umevunjika, lakini vipete havionekani humo. Picha ya ultrasaundi huonyesha, hasa ikipigwa ukiwa unakunja kidole dhidi ya kizuizi. Mtaalamu hupima umbali kati ya kano na mfupa. Umbali ukiwa mkubwa, kipete hakishiki tena. Ikithibitika A2 kimekatika chote, kwa kawaida utapewa pete ngumu ya plastiki ya kuibana kano mfupani wakati tishu inajijenga.

Neno kwa wazazi na makocha. Kijana ambaye bado anarefuka, akilalamika maumivu ya polepole mgongoni mwa kiungo cha kati cha kidole, msimwambie ni uchovu. Katika umri huo sehemu laini ya mfupa inayokua ni dhaifu kuliko kipete, na ndiyo inayovunjika. Aache kupanda, apigwe eksirei. Ikipuuzwa, kidole kinaweza kukua kimepinda.

Kukirudishia kidole kazi

Kwa jeraha dogo, wapandaji wengi hurudi kwenye hali ya kawaida baada ya wiki 4 hadi 6. A2 kikikatika chote, kupanda kwepesi huanza baada ya wiki 6 hadi 8, na kupanda kwa nguvu zote baada ya miezi 3 au zaidi. Lakini kalenda peke yake haitoshi. Tishu hujijenga kufuata kazi inayopewa: ikinyimwa kazi hupona ikiwa dhaifu, ikizidishiwa huchanika.

Siku chache za mwanzo zikipita, na daktari akiruhusu, anza kukunja na kukunjua kidole bila uzito, mara kadhaa kwa siku, hadi kifike mwisho wa mwendo wake bila maumivu. Maji ya vuguvugu husaidia.

Hatua inayofuata inahitaji mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo ya safari au inayotumiwa sokoni. Chukua kipande cha mbao chenye ukingo wa sentimita 2, kilichopigwa msasa vizuri, ukifunge kwenye ndoano moja ya mizani. Ndoano ya pili ifunge kwenye kamba unayoikanyaga kwa miguu yote miwili. Simama wima, mkono umenyooka kando ya paja, vidole vinne wazi juu ya ukingo, kisha vuta kwenda juu polepole huku ukisoma kilo.

Anza na mkono mzima. Tuseme unavuta kilo 40. Mkono ulioumia uanze na kilo 8 au 10, ukishikilia kwa sekunde 10, ukipumzika dakika moja, mara 5. Fanya hivyo mara 3 kwa wiki, si kila siku. Maumivu yapime kwa sifuri hadi 10: wakati wa kuvuta yasizidi 2, na asubuhi inayofuata kidole kisiwe kigumu kuliko jana. Masharti yote mawili yakitimia, ongeza kilo 1 au 2 wiki ijayo. Likivunjika mojawapo, rudi ulikokuwa. Usijibishane na asubuhi.

Kila kitu kiandike kwenye daftari: tarehe, kilo, maumivu, hali ya kidole baada ya kuamka. Hamu ya kurudi mwambani ina kawaida ya kusahau yaliyotokea Jumanne. Daftari halisahau.

Miguu iende shule

Sasa tuje kwenye faida. Maumivu ya kidole yakishatulia katika shughuli za kawaida za siku, unaweza kurudi mwambani kwa masharti matatu. Kamba iwe ya juu wakati wote. Mkono ulioumia ushike kwa vidole wazi tu, na kwenye vishikio vikubwa. Na la tatu, ambalo ndilo gumu: mguu ukiteleza, achia.

Mkono hunyakua kabla akili haijafikiri, na kunyakua huko ndiko kunakochana vipete. Kwa hiyo kuachia lazima kufundishwe. Mwambie mshika kamba wako, panda mita chache, kisha achia kwa makusudi mikono yote miwili ukae kwenye mshipi wa kiunoni. Rudia katika kila kipindi hadi mwili uzoee kuiamini kamba. Zoezi hili litakufaa maisha yako yote ya kupanda.

Lukenya, kando ya barabara kuu ya Mombasa, pana miteremko ya mwamba wa naisi isiyosimama wima kabisa. Wengi huipita wakikimbilia kuta kali. Wewe sasa ndiye mwanafunzi wake. Chagua njia iliyo chini sana ya kiwango chako, uipande hivi:

Kabla ya kukanyaga, pangusa soli ya kiatu kwenye mguu wa suruali. Chembe chache za mchanga zinatosha kukutelezesha. Tazama kikanyagio, uendelee kukitazama hadi kiatu kimetulia. Wapandaji wengi huondoa macho mguu ukiwa bado sentimita 5 hewani, nao hutua popote. Kwenye ukingo mdogo weka ncha ya kiatu upande wa kidole gumba. Pasipo na ukingo, tafuta tundu dogo au mahali ambapo mwamba umelala kidogo, kandamiza soli yote ya mbele, shusha kisigino, kisha hamishia nyonga juu ya mguu huo kabla ya kusimama. Ukiegemea mwamba kwa woga, soli inapoteza mgandamizo na kuteleza. Ukisimama mbali nao kidogo, inashika.

Ukishalielewa hilo, zidisha ugumu bila kuviongezea vidole kazi. Panda bila kutoa sauti ya mguu hata moja. Panda ukijikataza kusogeza mguu uliokwisha kuuweka. Panda ukitumia viganja bapa tu, bila kufunga kidole chochote. Kisha shuka kwa miguu kwenye njia uliyopandia, maana kushuka kunakulazimisha kuona vikanyagio ambavyo wakati wa kupanda hukuvijali.

Kwenye ukuta wa ndani, shule ni ya nyonga. Geuza nyonga moja igusane na ukuta, nyoosha mkono, na ufikie kishikio kwa kusukuma mguu badala ya kuvuta kwa kiwiko. Mguu usio na kazi unyooshe pembeni au nyuma ya mwingine ili mwili usizunguke kama mlango. Kila mara jiulize: kilo ngapi ziko miguuni sasa? Huhitaji jibu la namba. Utalihisi kwenye vidole.

Nyufa na njia ndefu

Hell's Gate, karibu na Naivasha, kuta za nguzo za volkano zimepasuka wima, na nyufa hizo zina neema yake kwa mwenye kidole kibovu. Katika ufa wa upana wa kiganja, unaingiza mkono, unakunja gumba ndani, na mkono unajifunga wenyewe. Uzito unabebwa na kiganja na kifundo, A2 kikiwa kimepumzika. Funga tepu mgongoni mwa mkono kulinda ngozi, na ujifunze kupachika miguu vilevile: ingiza kiatu kikiwa kimelala ubavu, kisha kizungushe hadi kibane. Lakini uepuke nyufa nyembamba za vidole. Kule kidole hupindishwa na kubebeshwa uzito kwa wakati mmoja, na vishimo vya kidole kimoja ni vibaya vivyo hivyo.

Kama unahitaji lengo la mbali, tazama Mlima Kenya. Njia ya kawaida ya kilele cha Nelion, mita 5,188, iliyofunguliwa mwaka 1929 na Eric Shipton na Percy Wyn-Harris, haidai vidole vya chuma. Inadai pumzi, miguu inayojiamini, uhodari wa kushughulikia kamba kwa saa nyingi, na mwenzi mnayeelewana. Hali yake huwa nzuri hasa Januari na Februari, jua likiwa upande wa njia hiyo. Aliyeumia kidole katikati ya mwaka anaweza kutumia miezi ya kupona kukimbia milimani, kujifunza kufunga vituo vya kamba akiwa chini, na kushuka kwa kamba hadi mikono ifanye yenyewe. Asithubutu tu kwenda kabla kidole hakijaweza kushika kwa nguvu katika baridi.

Kichwa nacho

Wiki za kwanza zitakuuma zaidi moyoni kuliko kidoleni, hasa wenzako wanapopanda njia uliyokuwa unaikaribia. Usijitenge nao. Nenda, wasomee njia kutoka chini, utabiri kila mshiko na kila hatua, kisha uwatazame uone ulikosea wapi. Kuwa mshika kamba bora kundini. Kagua mafundo, yako na yao.

Kukagua huko kuna historia yake. Mwaka 1989 Lynn Hill wa Marekani, mmoja wa wapandaji hodari kuliko wote wa wakati ule, hakumaliza kufunga fundo lake huko Buoux, Ufaransa, akaanguka zaidi ya mita 20. Kiwiko kilitenguka, mguu ukavunjika. Mwaka 1993 alikuwa mtu wa kwanza kuipanda njia ya The Nose, kwenye ukuta wa El Capitan, bila kujivuta kwa vifaa, na mwaka uliofuata akairudia ndani ya saa 24. Kwenye ukuta huohuo, Tommy Caldwell, aliyekatwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto na msumeno wa umeme mwaka 2001, alikamilisha njia ya Dawn Wall akiwa na mwenzake Kevin Jorgeson Januari 2015 baada ya siku 19 ukutani. Caldwell alilazimika kujifunza upya kushika na kupanga miguu kwa ajili ya mkono wenye vidole pungufu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyerudi na mwili ule wa zamani. Walirudi na upandaji mpya.

Kurudi kwenye mkunjo

Usiharakishe hatua hii. Kipimo ninachokiamini ni hiki: mkono ulioumia uvute kwenye mizani angalau asilimia 90 ya mkono mzima kwa vidole wazi, kisha vivyo hivyo kwa mkunjo nusu, bila gumba juu, na ukibonyeza chini ya kidole pasiume. Ndipo uanze mkunjo ukutani, kwenye njia rahisi, mara chache katika kipindi kimoja. Mkunjo kamili wa kufunga gumba uwe wa mwisho, na uwe adimu.

Kwa miezi ya mwanzo tumia tepu ya H. Kata kipande cha sentimita 10 hivi, ukichane kwa urefu kutoka ncha zote mbili, ukiacha sentimita moja katikati isiyochanwa. Daraja hilo la katikati liweke upande wa kiganja, kwenye mkunjo wa kiungo cha kati. Zungusha miguu miwili ya tepu kwenye kipande cha kidole kilicho chini ya kiungo, pinda kidole kidogo, kisha zungusha miwili iliyobaki juu ya kiungo. Ibane, lakini ncha ya kidole isigeuke rangi. Tepu hii humsaidia aliyekwisha kuumia kuishikilia kano karibu na mfupa. Usiitegemee kumkinga mwenye kidole kizima.

Kila kipindi kianze na nusu saa ya njia rahisi zinazopanda ugumu taratibu, kwa kuwa kidole baridi ndicho kinachopasuka. Ukishachoka hadi miguu inaanza kuteleza, acha. Mara moja kwa mwezi rudi kwenye mizani, ulinganishe mikono miwili, na pengo likianza kupanuka punguza mkunjo kabla maumivu hayajaanza. Kipindi kimoja kwa wiki kibakize kiwe cha miguu peke yake, hata utakapokuwa umepona kabisa. Nguvu za vidole huja na kuondoka kwa umri, kazi na maradhi. Ujuzi wa kusimama vizuri juu ya mwamba hudumu, na kila kilo unayoiweka miguuni ni kilo ambayo kipete cha A2 hakitaibeba.